Ng'ombe Kumi na Nane wa Mwalimu Rubeni

Kijijini Kenyamonta watu wakienda kupatana mahari hubeba maneno ya kutosha siku nzima. Wazee wa upande huu wanakohoa, wa upande ule wananuna, mmoja anataja ng'ombe ishirini na watano utadhani anaoza binti wa waziri, mwingine anataja saba kama vile anamfanyia mwenye nyumba hisani, na jua linazama wakiwa bado wanagombania dume moja lililovunjika pembe. Mwalimu Rubeni alizichukia shughuli hizo. Alikuwa amefundisha hisabati shule za msingi kwa miaka thelathini na minne, na alipostaafu alitangaza kwamba nyumbani kwake hakutakuwa na mnada. Binti zake watatu wangeolewa kwa hesabu.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mwoaji mwenyewe anataja namba yoyote ya tarakimu tatu. Namba inageuzwa, ya mwisho inakuwa ya kwanza na ya kwanza inakuwa ya mwisho, kisha ndogo inatolewa kwenye kubwa. Jibu nalo linageuzwa, na safari hii yale mawili yanajumlishwa. Mwisho kabisa tarakimu za jibu la mwisho zinajumlishwa zenyewe kwa zenyewe, na kinachopatikana ndiyo idadi ya ng'ombe. Kubishana hakuna, maana namba umeitaja wewe kwa mdomo wako.

Zablon, aliyemwoa binti wa kwanza, alitaja 731. Ikageuzwa ikawa 137, ikatolewa, zikabaki 594. Ukijumlisha 594 na 495 unapata 1089. Moja na sifuri na nane na tisa, ng'ombe kumi na nane. Zablon akatoa. Miaka mitano baadaye akaja Steven kwa binti wa pili. Huyu alijiona mjanja, akawaza kwamba namba ndogo itazaa ng'ombe wachache, akataja 201. Ikageuzwa ikawa 102, ikatolewa, zikabaki 99. Sasa 99 hata ukiigeuza ni ileile, na ukizijumlisha hizo mbili unapata 198. Moja na tisa na nane ni kumi na nane. Steven alikuna kichwa, naye akatoa. Tangu hapo watu wakasema nyumba ile Mungu ameshaipangia kumi na nane, na kuna mchungaji aliyewahi kuitolea mahubiri.

Ikafika zamu ya Osward, na Osward alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja.

Osward alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Matongo. Kwa watu wa huku kijana huoa kwa ng'ombe wa dada yake: dada anaolewa, ng'ombe wanaingia zizini, kaka anawatoa kwenda kutafuta mke. Osward hakuwa na dada. Baba yake alifariki mapema, mama yake alimzaa yeye peke yake, kwa hiyo kila ng'ombe katika wale kumi na mmoja alikuwa geti la mtu. Ukisimama naye zizini angekuonyesha: huyu mtamba mwekundu ni madirisha ya gesti ya stendi, yule dume ni geti la kanisa, na yule mwenye jicho moja ni kazi ya mteja mmoja msumbufu ambaye mpaka leo anasema bawaba zinalia.

Gloria, binti wa mwisho wa Mwalimu Rubeni, alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya hukohuko Matongo. Walijuana asubuhi ambayo Osward alifika amevimba macho yote mawili kwa mwanga wa kuchomelea, akishikwa mkono na mpita njia. Gloria alimtia dawa, kisha akamuuliza miwani yake ya kazi iko wapi. Osward akajibu kwamba bado ipo dukani. Gloria akauliza kama na macho mengine nayo yapo dukani. Tangu siku hiyo Osward alivaa miwani hata akiwa anapima tu, na miaka miwili baadaye wakakubaliana kuoana.

Shida ilikuwa ni wale saba waliopungua. Mwalimu Rubeni hakupokea nusunusu. Harusi haikutajiwa tarehe mpaka ng'ombe wote wasimame kwake. Kwa kazi ya mageti, ng'ombe saba ni miaka mitatu, na Gloria alikuwa ameshafika ishirini na tisa na alisema wazi kwamba hatasubiri mpaka shela ikae juu ya mvi. Njia ya mkato ilikuwa kushuka mashimoni kutafuta dhahabu. Hiyo nayo Gloria aliifunga mapema: siku atakayosikia Osward ameshuka shimoni, asijisumbue kupanda kuja kwao.

Basi wiki tatu kabla ya siku ya kupatana, Osward alichukua chaki ya kupimia, akalaza bati kubwa chini, akaanza kutafuta namba itakayompa kumi na moja. Alijaribu 412, akapata kumi na nane. Alijaribu 983, kumi na nane. Alijaribu mwaka aliozaliwa bila tarakimu ya mwisho, alijaribu namba ya nyumba ya mteja, alijaribu 100 yenyewe na masifuri yake. Bati lilijaa upande wa kwanza, akaligeuza, likajaa upande wa pili, na kila mahali zilisimama kumi na nane zimemkodolea macho.

Osward hakuwa msomi, lakini fundi anajua kutazama kitu kinachojirudia. Akaacha kutazama mwisho wa hesabu, akatazama katikati, pale namba inapotolewa na mgeuzo wake. Alikuta 198, 297, 396, 495, 594, 693. Hapo katikati tisa haikuondoka hata mara moja, na zile mbili za kandokando kila mara zilijumlishwa zikawa tisa. Tisa na tisa ni kumi na nane. Hata pale ilipobaki 99 tupu, tisa zilikuwa ni zilezile mbili. Kwa maneno mengine ng'ombe walikuwa wameshapatikana tangu hatua ya kwanza, na kule kugeuza tena na kujumlisha tena kulikuwa mbwembwe tu za mwalimu.

Kwanza alikasirika. Alimwona mzee yule kama mchuuzi mwenye mizani iliyochezewa. Kisha akacheka peke yake mpaka jirani akauliza kuna nini, kwa sababu kusema kweli ilikuwa kazi safi, haina mahali pa kuingiza ukucha. Akaendelea kujaribu kwa uchovu tu, bila matumaini, akaandika 464. Aligeuza ikawa 464. Akatoa, akapata sifuri. Akaigeuza sifuri, ikabaki sifuri. Osward aliketi juu ya ndoo, akavua miwani.

Mpango aliupanga palepale. Angetaja 464, ubao ungesema sifuri, na wakati wazee wameduwaa yeye angesimama kiungwana na kusema kwamba hata hivyo, kwa heshima ya mzee, anatoa ng'ombe kumi na mmoja. Badala ya mtu aliyepungukiwa saba angeonekana mtu aliyeongeza kumi na mmoja. Ulikuwa mpango mzuri sana, na kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba hakumwambia mtu. Gloria hakuambiwa kwa sababu Osward alitaka kumshangaza. Mogesi, baba mdogo wa Osward, ambaye ndiye angekuwa msemaji wa upande wao na aliyezijua mila mpaka mizizi yake, alimwambia tu kwamba namba amwachie yeye na maneno mengine yote yawe ya kwake. Fundi huyu aliyepima kila chuma mara mbili, jambo la ndoa yake alilipima mara moja.

Jumamosi wakapanda Probox ya kukodi, Osward, Mogesi na wazee wawili, wakavuka Mto Mara, na saa tano walikuwa sebuleni kwa Mwalimu Rubeni. Walisalimiana kwa vyeo, shikamoo zikapokelewa, soda zikafunguliwa. Mwalimu alikuwa amevaa koti lake la kustaafia. Mkewe, mama Boke, alikaa karibu na mlango wa ndani pamoja na wanawake wengine, na kutoka nyuma yao ilisikika harufu ya vitunguu. Ubao mdogo mweusi ulikuwa umeegemezwa ukutani, na Zablon, kwa kuwa ndiye mkwe mkubwa, alikabidhiwa chaki. Mogesi alisema maneno ya kufungua, marefu na matamu, kisha akamgeukia Osward.

Osward akasema mia nne sitini na nne.

Zablon akaandika 464. Chini yake akaandika 464. Akaitazama kwa muda, akarudi kuangalia ya juu, akatoa. Watu walio nyuma walidhani chaki imekatika, maana mkono ulisimama hewani.

"Sifuri," Zablon akasema.

Soda ya Mogesi ilimwagikia suruali. Mzee mmoja wa upande wa Mwalimu aliomba hesabu irudiwe, ikarudiwa, sifuri ikatoka tena nzimanzima. Osward alikuwa ameshainuka ili aseme maneno yake ya kiungwana, ila Mwalimu Rubeni alikuwa amemtangulia kusimama. Alivuka sebule akampa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa moto.

"Mura, kijana wangu, umeijua lini?"

"Wiki tatu zilizopita, baba."

"Nani alikuonyesha?"

Osward alisema kwamba hakuna, aliiona mwenyewe kwenye bati. Mwalimu akacheka kidogo, akasema Steven ana diploma na hakuiona. Kisha akawageukia wazee, akatamka kwa sauti ya darasani kwamba yeye hajawahi kuipinga namba na hataanza leo. Sifuri ameikubali. Gloria anaweza kuondoka naye hata jioni hii.

"Ila wajukuu ni wangu," akamalizia, akarudi kuketi.

Hapo sebule ikaelewa kabla Osward hajaelewa. Kwa watu hawa ng'ombe hawamnunui mwanamke, wala si shukrani za maziwa ya mama yake peke yake. Ng'ombe ndio wanaosema mtoto ni wa nani. Ukitoa, watoto ni wa nyumba yako na wanaitwa kwa jina lako. Usipotoa, hata mkiishi pamoja miaka hamsini, watoto ni wa baba wa mwanamke, na wakikua watachunga kwake na kurithi kwake. Kila mchungaji wa mbuzi anajua hivyo. Osward naye alijua, isipokuwa kwa wiki tatu alikuwa ametazama namba tu. Akaketi.

Mogesi akaamka. Huyu mzee alikuwa amekuja amejiandaa kuvutana kushuka chini, sasa ilibidi avutane kupanda juu, na tuseme ukweli, aliimudu. Alianza kwa kusema kijana alikuwa anatania. Mwalimu akaonyesha ubao. Mogesi akasema basi wapokee ng'ombe watano tu, wa kuanzia. Mwalimu akaonyesha ubao. Mogesi akapanda mpaka wanane, akapanda mpaka kumi na mmoja, akaongeza mbuzi wawili na blanketi la mama mkwe, anamsihi mwenye nyumba ajitajirishe, na mwenye nyumba anakataa katakata kupokea hata kwato. Wazee wa Kenyamonta walicheka mpaka mmoja akatoka nje kushika ukuta. Walisema katika maisha yao hawajawahi kuona upande wa mwoaji unabembeleza namna hii.

Osward peke yake aliona kwamba Mwalimu hacheki. Mzee alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, akitazama ile sifuri kama mtu aliyepewa kitu na anaogopa kitarudishwa. Hapo Osward akakumbuka mambo aliyoyajua siku nyingi bila kuyafikiria. Mwalimu Rubeni hakuwa na mtoto wa kiume. Ng'ombe wa Zablon waliuzwa mmoja baada ya mwingine kumsomesha Gloria uuguzi, na wa Steven waliezeka hii nyumba; hakukuwa na kijana wa kuwachukua kwenda kuoa. Siku mzee atakapofariki, mji huu usingekuwa na mtu wa kuitwa kwa jina lake. Osward alikuja kumshinda mzee mchoyo, na mzee mchoyo hakuwepo. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuwasha masikio.

Akasimama tena. Maneno ya kiungwana aliyoyaandaa yalikuwa yamemtoka yote.

"Baba, nilikuja kukushinda, nisamehe. Nina ng'ombe kumi na mmoja, wa kumi na mbili sina. Nilitaka niwatoe kwa mkono wangu, nisikamuliwe na hesabu. Wapokee wote. Na mtoto wetu wa kwanza awe wa nyumba hii, aitwe kwa jina lako."

Mogesi alimvuta koti kwa nyuma, maana mtoto wa ukoo hagawiwi bila kikao. Kabla Mwalimu hajajibu, wanawake wa mlangoni walisogea, na Gloria akapita katikati yao akiwa bado na kisu cha jikoni.

"Mnagawana watoto wangu kama viti vya kukodi," akasema, "na mwenye tumbo yuko jikoni anakata vitunguu."

Kwa desturi binti huitwa mwishoni kabisa, anaulizwa kama amekubali, anaitikia kwa sauti ndogo akitazama chini. Huyu hakuitwa na hakutazama chini. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, ya vitunguu au ya hasira, au ya mambo mengine, hakuna aliyethubutu kuuliza. Alimgeukia kwanza Osward, akamwambia kwamba wiki tatu ni siku ishirini na moja, na simu anayo. Osward akaitikia kwamba ni kweli. Kisha akamgeukia baba yake, akapiga magoti ya heshima, akaongea naye pale chini taratibu, ila kila mtu alisikia. Ng'ombe kumi na mmoja wapokelewe, kwa sababu yeye si sifuri. Mtoto wa kwanza, awe wa kiume au wa kike, atamleta mwenyewe kwa babu yake na ataitwa Rubeni. Wanaofuata ni wa Osward. Akainuka, akawaambia wote kwamba mwenye swali anyooshe mkono kama darasani.

Mkono mmoja ulinyooshwa, wa Zablon. Muda wote huo alikuwa ubaoni amegeuka mgongo, akiandika na kufuta. Aliomba radhi kwa kuingilia, akasema yeye anataka kujua jambo moja tu: je, mwaka ule angetaja 222 ingekuwaje?

"Ungepata alichopata huyu," Mwalimu akamjibu.

Zablon alifikiri. Alikuwa na watoto wanne wa kiume, na mkubwa wao alikuwa amemaliza darasa la saba kwa alama nzuri. Akasema basi, yeye na wale kumi na nane wake ameridhika, akaiweka chaki mezani. Safari hii hata Mwalimu Rubeni alicheka, akacheka mpaka ikambidi avue miwani, na miwani ilipovuliwa watu waliona kwamba anacheka huku analia, wala hakujificha. Mama Boke alimpa kona ya kitenge chake ajifute. Mogesi, ambaye hakuwahi kukosa neno maishani mwake, alitazama suruali yake iliyolowa soda na kusema kwamba kwenye kikao cha ukoo ataenda kuzungumza yeye.

Chakula kililetwa. Wakati wengine wanasogea mezani, Mwalimu alimshika Osward mkono, akambakiza pale kwenye kiti.

"Ng'ombe niliwadai kwa sababu ng'ombe wanadaiwa," akasema. "Jina, mura, mtu anamdai nani?"

Osward akasogeza kiti chake karibu na cha mzee.